Nilipigiwa makofi ugenini kwa nukta nyekundu niliyoichora kijijini kwetu Ufipa

Wakuu, salaam.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Napita, nacheka na comments zenu, naondoka. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na watu wa kazini nimeshindwa kuwaambia. Majina nimebadilisha. Mengine yote nayaweka kama yalivyotokea, hata yale yanayonidhalilisha, na yapo mengi.

Ni ndefu kidogo, vuteni viti.

Mimi ni mhadhiri wa hisabati chuo kimoja huku Dar. Nilichosomea hadi PhD ni mitandao na game theory, yaani nadharia ya michezo. Mjomba wangu mmoja wa Namanyere huwa anawaambia watu kwamba mimi ni daktari wa michezo, na mara mbili nimeletewa watu wenye goti lililovimba.

Kwa kifupi, ninachofanya ni hiki. Nachukua kundi la watu, kila mtu namchora kama nukta, wanaosaidiana nawaunganisha kwa mstari. Halafu nawapa mchezo wenye zawadi ndogo, naangalia nani anashirikiana na wenzake na nani anabana. Watu wa fani yetu wanaamini kwamba kwa njia hiyo unaweza kujua jamii inashikamana kwa nini na inavunjika kwa nini.

Na mimi niliamini hivyo. Niliamini sana.

Miaka michache iliyopita nilitaka kijiji cha kufanyia utafiti wangu mkubwa. Nikachagua cha kwetu, juu huko uwanda wa Ufipa, unashukia njiani ukitoka Sumbawanga kwenda Namanyere, kisha unatembea kama saa moja.

Nilikichagua kwa sababu ya matuta.

Kwa wasiojua, kwetu mvua zikikaribia kuisha, nyasi zikiwa bado mbichi, watu wanazifukia kwa jembe na kutengeneza matuta ya duara, makubwa kama chungu cha pombe kilichofunikwa kifudifudi. Nyasi zinaoza humo ndani. Juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unayavunja, unapanda ulezi au mahindi, na hapo shamba linakuwa na nguvu.

Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Unapika pombe ya ulezi, unaita watu, wanakuja asubuhi na majembe, shamba linaisha siku hiyo hiyo. Keshokutwa mnahamia kwa mwingine. Hakuna anayeandika nani alikwenda kwa nani, ila kila mtu anajua.

Kwa mtu wa mitandao hiyo ni data ya dhahabu.

Nikamwajiri msaidizi, binti mmoja wa hapo hapo aliyemaliza chuo cha ualimu, tumwite Generoza. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikuja kulima kwako na wewe ulienda kwa nani. Kila nyumba aliipa namba. Orodha ya majina na namba ilikaa kwake, mimi nilipata namba tu. Nilimsainisha karatasi kwamba hatanitajia jina la mtu hata nikimwomba, ili nisije nikapendelea. Kitaaluma huo ni usafi.

Na nyumba ya mama yangu ilikuwemo. Najua kuna mtu atauliza kwa nini. Kuitoa nyumba moja ni kutoboa mtandao, mistari yote inayopita pale inakatika. Halafu Mama mwenyewe alisema kijiji kizima kikiitwa na yeye akabaki nyumbani, watu watamwona anajiona.

Mama ni mjane. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, nikaenda bweni, na tangu hapo nyumbani mimi ni mtu wa likizo. Shikilieni hilo, lina kazi mbele.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi.

Kila nyumba ilileta mtu mmoja kwenye darasa la shule ya kijiji. Nilimpa kila mmoja mfuko wa kitambaa wenye namba, ndani vikombe vinne vya maharage. Unaingia nyuma ya pazia peke yako. Unaweza kumimina yote kwenye gunia la pamoja, au nusu, au usimimine kitu. Kila kikombe kinachoingia guniani, mimi naongeza kingine. Mwisho gunia linagawanywa sawa kwa wote, hata kwa asiyetia.

Mkitia wote, wote mnatoka na mara mbili. Ila mjanja akibana vyake na bado akapata mgao, anawazidi wenzake. Huyo sisi tunamwita mdandiaji.

Maharage niliyanunua mwenyewe soko la Sumbawanga kwa sababu fedha za mradi zilichelewa. Nilifika kijijini na magunia juu ya pikipiki, soli ya kiatu imeachia, naongea na simu nikigombana na mhasibu. Mama alikuwa mlangoni ananiangalia.

Matokeo yalinifurahisha. Wengi walitia yote au nusu. Mmoja tu hakutia hata punje.

Baada ya miezi kadhaa nikarudi kijijini kuwapa watu matokeo, maana nilikuwa nawasema sana watafiti wanaochukua data wakapotea. Nilichapisha ule mtandao kwenye karatasi kubwa nikaubandika ukuta wa darasa. Hakuna majina, hata namba nilizitoa. Nukta na mistari tu. Waliotia yote kijani, waliotia kiasi njano.

Na ile moja nyekundu.

Nikaongea kama nusu saa. Watu walisogea wakaitazama karatasi. Mzee Orestus, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, alifuata mstari mmoja kwa kidole, akarudi, akafuata mwingine. Kisha akatoa miwani akaifuta. Darasa likawa kimya. Nikasema moyoni, aisee, wameguswa na sayansi.

Wakatoka mmoja mmoja. Wachache waliniaga.

Mama alikuwa ameketi nyuma. Tulirudi nyumbani pamoja akanipikia ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyotoka Kirando. Aliniuliza swali moja tu.

"Ile rangi nyekundu uliichagua wewe mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo Mama, ili ionekane vizuri hata kwa aliyekaa mbali.

"Haya, baba. Inaonekana kweli."

Asubuhi nikapanda basi. Kwenye begi alinifungia maharage, kama kawaida yake.

Msimu uliofuata Generoza alirudia maswali yale yale nyumba kwa nyumba, akanitumia namba. Nikaziingiza kwenye laptop, nikachora upya. Wakuu, nilisimama kwenye kiti kwa furaha.

Ile nukta nyekundu mwanzo ilikuwa na mistari saba. Sasa haikuwa na hata mmoja. Haendi kwa mtu na hakuna anayekwenda kwake. Imebaki peke yake pembeni ya karatasi kama punje iliyoruka nje ya ungo.

Mnajua maana yake kwa mtu wa game theory? Watu wa fani wanabishana miaka yote kama kijiji kinaweza kumwadhibu mdandiaji bila polisi wala mahakama, na mimi nilikuwa nayo kwenye karatasi. Nikaandika paper. Nikaalikwa kuiwasilisha nje ya nchi. Nikaonyesha picha ya kwanza, mistari saba, kisha picha ya pili, hakuna mstari. Ukumbi ukapiga makofi.

Profesa mmoja mzee akainua mkono akauliza, kama mchezo ulikuwa wa siri, kijiji kilimjuaje?

Nikajibu kwamba jamii ndogo zina pua. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lile swali lilitakiwa linikalishe chini siku ile, ila nilikuwa natafuta kamera iko wapi.

Katikati ya hayo yote Krismasi nilikwenda nyumbani siku mbili. Niliona wageni hawaji kama zamani, nikadhani ni mvua. Kwenye simu Mama alikuwa akisema amepunguza kulima, magoti. Ila kila mwezi unga wa ulezi ulikuja. Anautuma hadi Sumbawanga, unapakiwa kwenye basi, mimi naupokea stendi. Haukukosa hata mwezi mmoja.

Jarida likakubali paper kwa sharti dogo. Mhakiki alitaka sifa za ile nyumba nyekundu, umri, jinsia, ukubwa wa kaya. Nikampigia Generoza asubuhi nikiwa ofisini. Nikamwambia karatasi aliyosaini naifuta, anipe jina.

Akaniuliza:

"Dokta, unanitania?"

Nikamwambia sina utani, jarida linasubiri.

"Dokta, ile nukta ni mama yako. Kijiji kizima kinajua tangu siku ile ya karatasi. Mimi nilidhani na wewe unajua."

Sikumwelewa. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilimsainisha asiniambie. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naweka chini nilichoshika.

"Mwaka jana alipika pombe, akaita watu wa matuta. Nilipita pale saa nne na madodoso yangu. Alikuwa amekaa nje, vikombe amevipanga, hakuna mtu. Nikamuuliza lile swali, nani alikuja kulima kwako. Akaniambia andika hakuna."

Hiyo "hakuna" ndiyo niliyoisimamia kwenye kiti.

Nilikata simu nikakaa. Mwanafunzi aligonga mlango akaleta kazi yake, nikaipokea, sikumbuki nilimwambia nini. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, jinsi walivyomtambua. Nikatazama mchoro wangu upya na hapo nikaona. Majina niliyatoa, lakini mistari yenyewe ni jina. Mtu anayelima kwa katekista na pia kwa zile nyumba tatu za ng'ambo ya kijito, kijijini kwetu ni mmoja tu. Wao walihitaji dakika chache. Mimi niliyechora sikuweza kuusoma, kwa sababu sikujua mama yangu analima na nani.

Kesho yake nikapanda basi.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameuliza kama sikumkasirikia bi mkubwa kwa kubana maharage. Nilimkasirikia, mkuu. Njia nzima nilikuwa na hasira mbili, moja juu yangu na moja juu yake. Nilikuwa najiuliza mwanamke aliyenilea kwa kugawa hadi chumvi ya mwisho, kikombe cha maharage kilimshinda nini. Tuendelee.

Nilimkuta shambani peke yake. Ule msimu ulikuwa wa matuta, nyasi zimefika kiunoni. Shamba kubwa lote ni pori. Yeye alikuwa kwenye kipande cha pembeni, ametengeneza matuta tisa. Niliyahesabu nikiwa nimesimama na begi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja, nimepika ugali mdogo."

Nilimuuliza pale pale, hata begi sijatua. Mama, siku ya mchezo kwa nini hukutia maharage?

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula.

"Ulisema kila kikombe ninachotia, wewe unaongeza kingine. Nilikuona ulivyokuja, kiatu kimeachama, unagombana na simu. Sasa nitie vinne ili mwanangu atoe vingine vinne? Wale wengine si watoto wao waliokuwa wanatoa."

Nikatua begi chini.

"Na vile vyangu sikuvila. Nilikurudishia kwenye begi, pamoja na ule mgao. Hukuviona?"

Wakuu, niliviona. Nilivipika Dar. Nakumbuka nilimwambia jirani kwamba maharage ya kwetu ndiyo maharage. Nilikula data yangu mwenyewe na nikamaliza sufuria.

Yaani mtu pekee mle darasani aliyetoa kila kitu, hadi mgao wake, ndiye niliyempaka nyekundu. Kwenye hesabu zangu wachezaji walikuwa wanakijiji na gunia. Mimi ninayeongeza sikujihesabu. Kwa wengine nilikuwa mtafiti mwenye mradi. Kwake yeye nilikuwa mtoto mwenye kiatu kibovu, na akacheza kwa kunihesabu na mimi.

Nikamwambia Mama, mimi sikujua kama ile nukta ni yako.

Akashusha jembe. Hapo ndipo nilipoona amezeeka.

"Hukujua?"

"Sikujua, Mama."

"Mimi nilidhani unajua. Nikasema labda ndivyo kazi yake inavyotaka."

Miaka miwili. Miaka miwili mama yangu aliamini kwamba mimi, kwa akili zangu timamu, nilimtundika ukutani mbele ya watu kuwa yeye ndiye mchoyo wa kijiji. Na hakuniuliza zaidi ya ile rangi.

Nililia pale shambani. Sioni haya kusema. Yeye akaendelea na tuta.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, wiki ile zamu ilikuwa kwa katekista. Mama alinikataza kwenda kusema. Alisema yaliyopita yaachwe. Nikaenda.

Baada ya sala nikaomba nafasi nikaeleza yote, mchezo, begi, maharage, jarida. Nikasema mama yangu hakuwabania, mlimwadhibu bure na chanzo ni mimi.

Watu walitazama chini. Mzee Orestus akajibu taratibu, na hili ndilo sikulitegemea hata kidogo.

"Mwanangu, sisi hatukumwadhibu mtu kwa sababu ya maharage. Nani hapa hajawahi kubana maharage? Sisi tuliona wewe, mtoto wa tumbo lake, msomi, umesafiri kutoka Dar, umempaka nyekundu mama yako peke yake na kumbandika ukutani. Tukasema kama mtoto amefika hapo, kuna jambo kubwa la ndani ya nyumba yao tusilolijua. Tukakaa mbali. Tulikuwa tunakuheshimu wewe."

Mke wa katekista alikuwa analia.

Kwa hiyo hata adhabu niliyopigiwa makofi haikuwepo. Hakukuwa na mdandiaji wala kijiji kinachojilinda. Kulikuwa na watu waliomfuata mtu mmoja mwenye sauti kubwa, na mtu huyo hakuwa na nukta kwenye mchoro. Mistari yote saba niliikata mimi kwa kalamu ya rangi.

Jumatano Mama alipika pombe tena. Moyo ulinidunda kuliko siku ya kutetea PhD. Saa mbili alikuja mke wa katekista na jembe. Akafuata mama mmoja wa ng'ambo ya kijito na binti zake. Mzee Orestus alikuja wa mwisho, hakusema kitu, akaanza kufukia nyasi. Wengine hawakuja. Katika mistari saba ilirudi mitatu, na sitawadanganya kwamba mingine imerudi tangu hapo.

Matuta yangu yalibomoka, Mama akayarudia huku akinisema kwa Kifipa watu wakicheka.

Nilipokuwa naondoka nikamuuliza kilichokuwa kinanisumbua. Mama, miaka yote miwili ukiamini nilikufanyia vile, mbona unga haukukosa?

"Kwa hiyo na mimi nikuwekee nyekundu?"

Paper nimeiondoa. Mkuu wangu wa idara alisema najimaliza, maana ndiyo iliyokuwa inipandishe cheo. Alinishauri nibadilishe tu maelezo. Nimemwandikia na yule profesa mzee kumjibu swali lake vizuri, na lile la pua nimemwomba radhi.

Somo nililopata si la kitaalamu. Ukienda kuwapima watu, wewe pia upo kwenye kipimo. Na kabla hujaficha jina la mtu, hakikisha unamjua kiasi cha kujua kwamba umemficha. Mimi nilijua hesabu za kijiji kizima, nikashindwa kujua mama yangu analima na nani.

Wenzangu watafiti, walimu, mnaokusanya taarifa za watu kwa namna yoyote, semeni kama yamewahi kuwakuta. Wa Rukwa pia nawasikiliza, hata mkija kunisema, nimestahili. Kama kuna anayejua namna ya kurudisha ile mistari minne iliyobaki, huyo namhitaji kuliko wote.

Juzi nimepokea mfuko wa unga stendi. Ndani kulikuwa na maharage.

Nimempigia kwanza kabla ya kuyapika.